Potasiamu na Pumzi ya Kwanza

Mapafu ya mtoto aliye tumboni, msikilizaji, hayana hewa hata chembe. Yamejaa maji. Mimba inapokaribia kutimia, inakadiriwa kwamba kila kilo ya uzito wa mtoto inabeba mililita 25 hadi 30 za maji hayo, kwa hiyo mtoto wa kilo tatu ana karibu mililita 80 au 90 kifuani. Kisha inafika saa ya kuzaliwa. Kitovu kinafungwa, damu iliyokuwa ikileta oksijeni kutoka kwenye kondo la nyuma inakatika, na kwa muda mfupi sana mapafu yaliyojaa maji yanatakiwa yawe yamejaa hewa. Mkunga anasikiliza. Mtoto akilia, chumba kizima kinashusha pumzi.

Maji yale yamekwenda wapi? Swali hilo ndilo limenileta mbele ya kipaza sauti leo, na jibu lake linapita mahali ambapo wengi hawapatazamii: kwenye potasiamu, na kwenye vijia vidogo mno vilivyomo katika seli za mapafu ili potasiamu ipite. Katika masimulizi ya sayansi ya mapafu sifa zote huiendea chumvi, yaani sodiamu na kloraidi, kwa kuwa hizo ndizo zinazovuta maji. Potasiamu hutajwa mwishoni, na mara nyingine haitajwi kabisa. Naamini mpangilio huo unatupotosha. Sodiamu na kloraidi zinasafiri, lakini nguvu ya kuzisafirisha inatokana na potasiamu.

Kwanza tuyajue maji yenyewe. Kwa miaka mingi iliaminika kwamba mtoto anayavuta kutoka kwenye chupa ya uzazi, kwamba ni maji yale yale anayoelea ndani yake. Mwaka 1948 Wafaransa wawili, Jost na Policard, waliziba njia ya hewa ya vitoto vya sungura vikiwa bado tumboni. Kama maji yangekuwa yanatoka nje, mapafu yangebaki matupu. Badala yake yalivimba. Maji yalikuwa yanatengenezwa na mapafu yenyewe, na yalipokosa pa kutokea yakajikusanya.

Baadaye ikaonekana kwa wanakondoo kwamba maji haya yana kazi kubwa. Ukiyamwaga mfululizo mtoto akiwa tumboni, mapafu yanadumaa. Ukiyazuia yasitoke, mapafu yanakua kupita kiasi. Mtoto anayajenga mapafu yake kwa msukumo wa maji anayoyatengeneza mwenyewe, na madaktari wamejifunza kuutumia msukumo huo. Kuna watoto ambao kiwambo kinachotenganisha kifua na tumbo hakikufunga vizuri, matumbo yakapanda juu na kuyabana mapafu. Mtoto wa namna hiyo anaweza kuwekewa puto dogo ndani ya bomba la hewa angali tumboni mwa mama. Maji yanakusanyika nyuma ya puto, mapafu yanapata kutanuka, kisha puto linatolewa kabla ya kuzaliwa. Majaribio ya njia hiyo yaliyoongozwa kutoka Leuven, Ubelgiji, yalitangaza matokeo mwaka 2021, na kwa watoto waliokuwa na hali mbaya zaidi idadi ya waliopona iliongezeka. Mimi kila nikilifikiria puto lile nastaajabu: tiba nzima inaitegemea kazi ya seli ambazo hazijawahi kugusa hewa.

Seli hizo zinayatengenezaje maji? Mwaka 1974, London, Olver na Strang walipima chumvi katika mapafu ya wanakondoo waliokuwa hawajazaliwa, wakaona kwamba kloraidi inatoka kwenye damu na kuingia ndani ya mapafu kwa kusukumwa, kinyume na mwelekeo ambao ingekwenda yenyewe. Sodiamu inaifuata. Chumvi ikishakwenda, maji nayo yanakwenda. Seli haina namna ya kuyashika maji na kuyarusha. Inachoweza kufanya ni kuihamisha chumvi, na maji yanakuja yenyewe.

Hapo ndipo tunapomhitaji msukumaji.

Twende ndani ya seli moja. Mapafu yamefunikwa kwa ndani na tabaka la seli zilizosimama bega kwa bega, tabaka linaloitwa epithelia. Kila seli ina pande mbili zisizofanana. Upande mmoja unatazama hewa, au maji kama mtoto hajazaliwa. Upande mwingine unatazama damu. Kwenye upande wa damu imefungwa pampu ambayo Jens Christian Skou, wa Aarhus nchini Denmark, aliielezea mwaka 1957 baada ya kuchunguza mishipa ya fahamu ya miguu ya kaa. Iliichukua dunia miaka 40 kumtunuku Nobeli, mwaka 1997. Pampu hiyo inatoa sodiamu tatu nje na kuingiza potasiamu mbili ndani, tena na tena, usiku na mchana, kwa kutumia nishati ya chakula tunachokula. Kwa sababu yake potasiamu inajazana ndani ya seli: lita moja ya maji ya ndani ina kama milimoli 140, ilhali damu ina milimoli nne au tano tu.

Fikiria pantoni la Kigamboni. Linachukua abiria upande wa Magogoni na kuwavusha. Abiria wakifika wasiposhuka, au wakishuka lakini kusiwe na njia ya kurudi mjini, baada ya safari chache shughuli nzima itakwama: huku kumefurika watu, kule hakuna wa kupakia. Pampu ya Skou ina shida hiyo hiyo. Inaleta potasiamu ndani bila kuchoka, na lazima potasiamu hiyo ipate njia ya kurudi nje, ili ipakiwe upya. Njia hiyo ndiyo vijia vya potasiamu.

Lakini kurudi nje si kurudi mikono mitupu. Kila chembe ya potasiamu inayotoka inaondoka na chaji chanya ya umeme, na huacha ndani ya seli pamekuwa hasi kidogo. Tofauti hiyo ya umeme ni makumi ya milivolti tu, nayo ni ndogo mno kuwasha taa yoyote, lakini kwa chembe za chumvi ni nguvu kubwa. Kloraidi ina chaji hasi. Ikiwa ndani ya seli iliyokuwa hasi, inasukumwa itoke, na njia yake ya kutokea ipo kwenye upande wa hewa. Hivyo potasiamu inatokea upande wa damu, na kwa kutoka kwake inaitoa kloraidi upande wa pili. Vizibe vijia vya potasiamu, na umeme ule unafifia, kloraidi inatulia mahali pake, maji yanakoma.

Jambo hili linaweza kuonekana kwa macho, na napenda ulione kama ninavyoliona. Mdenmark mwingine, Hans Ussing, alitengeneza kifaa kwa ajili ya ngozi ya chura, na tangu miaka ya 1950 maabara za dunia nzima zinakitumia. Ni vyumba viwili vidogo vya maji ya chumvi, na katikati yake kipande cha utando kimebanwa kama ukuta. Leo kipande hicho kinaweza kuwa seli za mapafu ya binadamu zilizooteshwa juu ya kichujio. Maji yanapashwa hadi joto la mwili, mapovu ya oksijeni yanapanda taratibu pembeni, na nyaya nyembamba zinapima mkondo wa umeme unaopita ukutani. Kwenye karatasi au skrini mstari unakwenda sawa. Mtafiti anadondosha dawa inayofungua njia za kloraidi, mstari unapanda. Kisha anachukua bariamu, ambayo huziba vijia vya potasiamu, anaidondosha upande wa damu, mbali kabisa na njia za kloraidi zenyewe. Mstari unashuka. Hakuna aliyeigusa kloraidi, lakini imepungua. Mtu akiniuliza ni kwa nini nasema potasiamu ndiyo yenye nguvu, mstari ule ndio jibu langu.

Pana fumbo jingine lililowasumbua wanasayansi kwa miaka mingi, nalo ni la ukubwa. Chembe ya sodiamu ni ndogo kuliko ya potasiamu. Sasa inawezekanaje kijia kipitishe chembe kubwa na kuizuia ndogo? Roderick MacKinnon, jijini New York, alilifumbua mwaka 1998 kwa kupiga picha ya eksirei ya kijia cha potasiamu kutoka kwa bakteria wa udongo aitwaye Streptomyces lividans. Alikuta sehemu nyembamba kabisa ya kijia imezungukwa na atomi za oksijeni zilizopangwa kwa nafasi maalumu. Chembe zote hizi zinapokuwa katika maji huvaa joho la molekuli za maji. Potasiamu ikifika mlangoni inalivua joho lake, kwa sababu zile atomi za oksijeni zinaipokea vizuri sawa na maji yalivyokuwa yakiishika. Sodiamu ni ndogo, haizifikii oksijeni zote kwa pamoja, kwa hiyo haina faida ya kuvua, na ikiwa na joho lake haipiti. Hivyo ndivyo kijia kimoja kinavyoweza kupitisha potasiamu makumi ya mamilioni kwa sekunde na bado kisikosee. MacKinnon alipewa Nobeli ya kemia mwaka 2003, akishirikiana na Peter Agre aliyegundua vijia vya maji.

Turudi chumba cha uzazi. Uchungu unapoanza, mwili wa mtoto unamwaga adrenalini kwa wingi. Homoni hiyo inafika mapafuni na kubadili mwelekeo wa kazi yote. Njia za sodiamu, zilizokuwa zimelala kwenye upande wa hewa, zinafunguka. Sodiamu inaingia kwenye seli kutoka kwenye yale maji, pampu ya Skou inaitupa upande wa damu, na maji yanafuata. Mapafu yaliyokuwa yakitoa maji sasa yanayanyonya. Katika wanakondoo kiasi cha maji huanza kupungua uchungu ukiendelea, kabla hata mtoto hajatoka.

Tazama sasa potasiamu iko wapi katika mageuzi hayo. Ipo pale pale. Sodiamu ina chaji chanya, na inavutwa kuingia kwa sababu ndani ya seli ni hasi, na ndani ni hasi kwa sababu potasiamu inatoka. Pampu inaweza kuongeza kasi kwa sababu potasiamu inarudi nje kupakiwa. Utaratibu ule ule uliokuwa ukiyaleta maji ndio unaoyaondoa. Kilichobadilika ni njia zipi zimefunguliwa upande wa hewa. Kwangu hili ndilo jambo zuri kuliko yote katika somo hili, na ndilo linalonifanya nisikubali potasiamu iwekwe kwenye tanbihi.

Haki itendeke hata hivyo: chumvi si maelezo yote. Stuart Hooper na wenzake wa Chuo Kikuu cha Monash, Australia, walipiga picha za eksirei za vitoto vya sungura katika kituo cha SPring-8 kule Japani, na zikaonyesha maji yakisukumwa nje ya vifuko vya hewa kwa kila pumzi ya kwanza kwanza anayovuta mtoto. Kuvuta hewa kwenyewe kunafanya kazi kubwa. Lakini maji yakishasukumwa pembeni yanaweza kurudi, na kazi ya kuyazuia ni ya chumvi. Bernard Rossier na Edith Hummler, huko Lausanne, Uswisi, walionyesha mwaka 1996 kwamba panya waliozaliwa bila sehemu muhimu ya njia ya sodiamu walishindwa kuyaondoa maji mapafuni, wakafa ndani ya saa 40.

Wakunga na wauguzi wanaonisikiliza wanaifahamu hali hii bila kuhitaji panya. Mtoto aliyetimiza miezi, amezaliwa kwa upasuaji uliopangwa kabla uchungu haujaanza, ana rangi nzuri lakini anahema mbiombio, zaidi ya mara 60 kwa dakika, mbavu zinaingia, pua zinapanuka. Hakupata ile adrenalini ya uchungu ya kutosha, na maji yamechelewa kunyonywa. Wengi wa watoto hawa hupewa oksijeni au mashine ya kupuliza hewa puani na kupata nafuu ndani ya siku mbili tatu. Hii ni sababu mojawapo ya madaktari kupendekeza upasuaji usio wa dharura usifanywe kabla ya wiki ya 39. Mama aliyepangiwa tarehe ana haki ya kuuliza mimba yake ni ya wiki ngapi siku hiyo.

Watoto njiti wana mzigo mzito zaidi. Njia zao za sodiamu bado chache, na yale mafuta yanayozuia vifuko vya hewa visigandamane hayajatosha. Ndiyo maana mama anayeonyesha dalili za kujifungua mapema hupigwa sindano za kukomaza mapafu, ambazo Liggins na Howie wa New Zealand waliziandikia mwaka 1972. Kwa muda kulikuwa na wasiwasi kama sindano hizo zinasaidia au zinadhuru katika hospitali zenye vifaa vichache. Jaribio la Shirika la Afya Duniani katika Kenya, Nigeria, Bangladeshi, India na Pakistani, lililoshirikisha wanawake 2,852, lilitoa jibu mwaka 2020: kati ya watoto wa mama waliopewa deksamethasoni walifariki asilimia 19.6 katika siku 28 za mwanzo, na kati ya wale ambao hawakupewa asilimia 23.5. Hesabu ile ina watoto halisi ndani yake, wengine wao wa Kenya, ambao leo wanakwenda shule.

Sasa tupande juu kidogo, kwenye mirija ya hewa ya mtu mzima. Huko hatutaki maji yajae, wala hatutaki yakauke. Juu ya seli za mirija kuna tabaka la majimaji lenye unene wa mikromita saba hivi, na ndani yake vinapiga vinyweleo, kama 200 kwa kila seli, mara 10 hadi 15 kwa sekunde. Juu ya majimaji hayo unaelea ute. Vumbi na vijidudu vinanaswa kwenye ute, vinyweleo vinausukuma kuelekea kooni, nasi tunaumeza bila kujua. Majimaji yakipungua, ute unashuka na kuvilalia vinyweleo, navyo haviwezi tena kupiga. Hapo ndipo kohozi linakuwa zito, linaganda, na vijidudu vinapata makazi.

Ugonjwa unaoonyesha hali hiyo kwa ukali kuliko wowote ni saistiki faibrosisi. Mtoto huzaliwa na kasoro katika njia ya kloraidi. Jeni yake ilipatikana mwaka 1989 na timu za Lap-Chee Tsui na Jack Riordan huko Toronto, pamoja na Francis Collins wa Michigan. Ugonjwa huu ni wa kawaida zaidi kwa watu wenye asili ya Ulaya, na huku kwetu hautajwi mara nyingi. Lakini upo pia kwa Waafrika weusi, imethibitishwa Afrika Kusini, na mtoto mwenye kikohozi kisichokwisha, asiyenenepa, na ambaye jasho lake lina chumvi isiyo ya kawaida, anaweza kupita miaka akitibiwa kifua kikuu ambacho hana. Ningependa madaktari wetu wa watoto wawe nao akilini.

Katika mirija hii potasiamu ina njia upande wa hewa pia, na kubwa yao inaitwa BK. Mwaka 2011 kundi la Matthias Salathe, huko Miami, lilionyesha kwamba kijia hiki kikizimwa katika seli za mirija ya binadamu, lile tabaka la majimaji linapungua. Mwaka 2017 kundi hilo hilo likaeleza kwamba moshi wa sigara unavuruga kazi ya njia ya kloraidi na ya BK kwa pamoja. Mvutaji anapokohoa alfajiri kohozi lisilotoka, moshi umekwishafika mpaka kwenye milango hii. Tunasema sana juu ya moshi kuchafua mapafu. Ni vema tuseme pia kwamba unayakausha.

Wenye pumu wataniuliza juu ya salbutamoli, ile dawa ya kuvuta mdomoni au ya kupulizwa kwa nebulaiza. Dawa hiyo inaiga adrenalini. Inalegeza misuli iliyoibana mirija, na ndani ya seli za epithelia inaamsha ishara zinazofungua vijia, vikiwemo vya potasiamu. Lakini ina jambo moja linalohusu mwili mzima: inaichochea pampu ya Skou kwenye misuli, na potasiamu ya damu inahamia ndani ya misuli. Madaktari wanalitumia hilo kwa makusudi kwa mgonjwa wa figo ambaye potasiamu yake imepanda kwa hatari. Kwa mgonjwa wa pumu aliyepulizwa dawa mara nyingi usiku mmoja ni upande wa pili wa jambo lile lile, potasiamu yake inaweza kushuka chini ya milimoli 3.5, na kushuka huko hakuonekani kwa macho. Kunahitaji kipimo cha damu, hasa kama mgonjwa anatumia pia dawa za kupunguza maji mwilini. Dawa asiiache, inaokoa maisha. Kipimo kifanywe.

Na ndizi, zinazosifiwa kwa potasiamu? Kula, ni chakula kizuri. Ila kiasi cha potasiamu katika damu kinasimamiwa na figo, na vijia vya mapafu hufunguliwa na kufungwa kwa ishara za seli zenyewe. Mwenye ugonjwa wa figo afuate ushauri wa daktari wake juu ya ndizi hizo hizo.

Kuna kazi nyingine ya vijia hivi ambayo ilinishangaza nilipoisoma mara ya kwanza. Nimonia, mafua makali au moshi vinaweza kuchubua epithelia na kuacha mahali pametupu. Seli za pembeni zinatakiwa zitambae zikafunike jeraha, kisha zizaane. Mwaka 2007 watafiti wa Montreal, kundi la Emmanuelle Brochiero, walikwaruza tabaka la seli za vifuko vya hewa, wakapima jeraha linavyofungwa. Walipozuia vijia fulani vya potasiamu, kimojawapo kiitwacho KCNQ1, jeraha lilifungwa polepole zaidi. Walipovizidisha, lilifungwa haraka zaidi. Kwa hiyo vijia hivi vinaweka maji mahali pake mapafu yakiwa mazima, na yakijeruhiwa vinasaidia kuyashona.

Mtu atasema, basi itengenezwe dawa ya kuvifungua. Ugumu unaanzia hapo. KCNQ1 kipo pia kwenye moyo, ambako husaidia kila pigo lifikie mwisho wake, na kipo kwenye sikio la ndani. Watoto waliorithi kasoro kamili ya kijia hiki huzaliwa viziwi na wakiwa na moyo unaoweza kupoteza mdundo ghafla. Huwezi kukigusa mapafuni kwa kidonge na kukisahau moyoni. Na hata pale nadharia iliponyooka, wodi haikukubali. Kwa kuwa salbutamoli huongeza unyonywaji wa maji kwenye vifuko vya hewa, Waingereza walijaribu kuwapa kwa mshipa wagonjwa mahututi ambao mapafu yao yamefurika. Matokeo yalitoka mwaka 2012: jaribio lilisimamishwa, kwa sababu waliopewa dawa walikufa kwa wingi zaidi.

Jaribio lililonigusa zaidi lina asili karibu na nyumbani. Kijia kimoja cha potasiamu, KCa3.1, kipo kwenye epithelia ya mapafu na kipo pia kwenye chembe nyekundu za damu. Kwa mgonjwa wa selimundu, ugonjwa unaozijua nyumba nyingi za Tanzania, Kenya na Uganda, kijia hicho kinavujisha potasiamu, maji yanaifuata, chembe inanyauka na kujikunja kwa urahisi zaidi. Ikatengenezwa dawa ya kukiziba, senikapoki. Damu ya wagonjwa iliongezeka, lakini mashambulio ya maumivu hayakupungua, na jaribio kubwa likafungwa. Dawa ikabaki kabatini. Ilipokuja UVIKO-19, Wadenmark waliitoa tena, kwa hoja kwamba kukiziba kijia hicho kungetuliza uvimbe na kupunguza maji mapafuni. Mwaka 2022 wakatangaza kwamba oksijeni ya wagonjwa haikuboreka.

Sioni kwamba walipoteza muda. Kijia hicho kipo kwenye seli za kinga, kwenye mishipa midogo ya damu na kwenye epithelia yenyewe, na kila mahali kina kazi yake. Kukiziba kunaweza kutuliza uvimbe upande mmoja na wakati huo huo kuinyima epithelia umeme inaouhitaji kuyanyonya maji. Tunachokosa sasa ni dawa inayofika kwenye seli moja na kuiacha ya jirani, na pengine ile itakayovutwa kwa mdomo, ibaki kwenye mirija, isifike moyoni. Wanaoishughulikia kazi hiyo bado wanabana vipande vya epithelia kati ya vyumba viwili vya Ussing, na kuutazama mstari unapanda au unashuka.